Siku Niliposema Ni Mambo Madogo

S.L.P. 418,
Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Dada,

Kabla ya lolote nakujulia hali. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia linalia kama bawaba kavu ukipanda ngazi, nami nikacheka. Nilipokata simu nilijuta. Na shemeji yangu na kazi yake ya zamu, bado mnapishana mlangoni kama wapangaji? Naomba mpate hata siku moja kwa wiki ya kula sahani moja.

Sisi huku tu wazima. Wifi yako kikohozi kimemwachia. Mwanao mkubwa amenipita kimo kwa vidole viwili, na kila asubuhi nikiinama kufunga viatu huja kusimama karibu nami kwa makusudi. Mdogo wake ameng'oka meno mawili ya mbele, kila neno lake sasa lina filimbi. Wote wanauliza shangazi atakuja lini. Nimewaambia waliulize goti.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenimalizia sentensi. Sikulaumu, umenimalizia sentensi tangu nikiwa na miaka mitatu, nikijificha nyuma ya gauni lako dukani nawe ukiagiza chumvi kwa niaba yangu, mpaka mwenye duka akaniita Kobe na jina likanata. Lakini haya nataka niyaseme mwenyewe mpaka mwisho.

Ile kazi yangu unayoijua sinayo tena. Sijafukuzwa, usishtuke. Nimehamishwa.

Unakumbuka nilivyokuwa. Miaka kumi na minne nilikaa kwenye kigoda kile kile mbele ya meza ndefu, nyuma yangu jokofu, kushoto kabati la joto tunamooteshea vijidudu. Chupa za maji zilipita kwenye dirisha dogo, kila moja na namba yake. Sikujua namba ni nani. Nilichuja, nikaweka kwenye visahani, nikangoja siku nzima, nikahesabu vidoa vya vijidudu vilivyoota. Maji ya kunywa hutakiwa kuwa na sifuri. Nikikuta hata vitatu niligonga muhuri wa HAYAFAI na kuirudisha karatasi dirishani. Upande wa pili kulikuwa na mtu wa kulisema jambo hilo kwa mdomo. Mtu huyo sikuwahi kumwonea wivu.

Mwezi wa tano ikaja mashine. Ni kubwa kama makabati mawili ya nguo, inachuja, inahesabu, inaandika, na haiombi likizo. Mezani tulikuwa watano na sasa wawili walitosha. Meneja alituita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika aliniambia kwa upole kwamba idara ya wateja inahitaji mtu anayeijua maabara kwa ndani, wa kuwapelekea watu majibu yao na kuwaeleza maana yake, na kwamba nitakuwa kwenye majaribio kwa miezi mitatu. Nikamuuliza kama hakuna nafasi nyingine yoyote. Akageuka akatazama nje. Nikaelewa.

Dada, nisikufiche, niliogopa mpaka nikauonea haya woga wenyewe. Ofisi mpya iko ghorofa ya pili, ngazi ishirini na mbili. Nikifika ya kumi tumbo huanza kunikata. Mikono inakuwa baridi, ulimi unakuwa mzito kana kwamba umevaa glavu. Kabla ya kumpigia mteja simu huandika neno "hujambo" kwenye karatasi, lisije likanitoroka. Nilifanya mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo, na binti yangu alipita akasema, "Baba, unafanana na mtu anayengoja kung'olewa jino."

Walitupa mafunzo ya siku mbili. Mwalimu mmoja aliyevaa viatu vya kung'aa alitufundisha kwamba mteja hapewi habari mbaya ikiwa uchi. Unaanza na jambo zuri, unamaliza na jambo zuri, ile mbaya unaificha katikati kama kidonge kichungu ndani ya ndizi. Niliandika yote kwenye daftari. Mtu mwoga akipewa mahali pa kujificha haulizi kodi.

Bosi wangu wa sasa tunamwita Tai, kwa sababu mbili: havui tai shingoni, na huona kosa kutoka mbali. Hana maneno mengi. Siku ya kwanza alinikabidhi fomu ya ziara na kunionyesha mstari wa mwisho, ule unaouliza mteja amesema atafanya nini. Akaniambia huo ndio mstari wa kazi yangu, mingine ni mapambo. Nikaitikia kwa kichwa bila kusikia, maana nilikuwa nasikiliza tumbo.

Mwezi wangu wa kwanza bahati ilinibeba. Majibu yote niliyopeleka yalikuwa mazuri: kiwanda cha barafu, hoteli moja ndogo, bwana mmoja mwenye bwawa la kuogelea. Kusema "maji yako safi" hata kobe anaweza.

Kisha ikaja Jumanne moja ya mwezi wa nane.

Mteja alikuwa mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mkunga. Ana kituo cha kulelea watoto uani kwake, watoto thelathini na wanane, wengi hawajafika miaka minne, wanaoachwa hapo asubuhi wazazi wakienda kazini. Kisima kipo hapo hapo uani. Chupa aliileta mwenyewe kwa hiari yake, kwa sababu baada ya mvua maji yalikuwa yamebadilika ladha kidogo. Jibu lilitoka Jumatatu jioni. Vidoa sitini na vinne, Dada. Vijidudu vya kinyesi, sitini na vinne, mahali panapotakiwa sifuri.

Nilifika kwake mchana watoto wakiwa wamelala kwenye mikeka, safu mbili, miguu imeelekea ukutani. Alinipokea kama mgeni aliyengojewa. Alinipa kiti chenye mto, yeye akakalia kigoda. Akanizungusha uani kunionyesha kisima. Aliniambia kilichimbwa na marehemu mumewe kwa mikono yake, mwaka waliohamia pale, na kwamba siku maji yalipotoka mzee alikaa chini kwenye tope akacheka peke yake. Aliposema hivyo aliupapasa ukingo wa kisima kama mtu anavyopapasa bega. Nyuma ya jiko niliona choo kipya, kimechimbwa upande wa juu, hatua kama kumi na tano tu kutoka kisimani. Jicho langu la maabara lilimaliza kazi hapo hapo. Mdomo ndio uliobaki.

Tuliporudi kukaa nikafungua daftari la mafunzo kichwani mwangu. Nikamwambia maji yake hayana harufu, hayana chumvi nyingi, na kwa macho ni meupe.

"Kuna mambo madogo madogo tu ya kuangalia," nikasema.

"Mambo gani?"

"Ya kawaida kwa visima. Yameandikwa humo ndani." Nikampa bahasha.

Aliipokea kwa mikono miwili. "Basi vizuri. Fundi wa kisima anakuja mwisho wa mwezi, nitampa asome."

"Itakuwa vizuri," nikasema.

Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki mbili mbele. Akaiweka bahasha juu ya kabati, chini ya kopo la chaki, akanisindikiza mpaka getini na kuniombea safari njema. Ndizi alikuwa ameila yote. Kidonge nilitoka nacho mfukoni.

Unajua nilijisikiaje njiani? Mwepesi. Niseme ukweli, nilikuwa napiga mluzi. Nilikuwa nimeingia kwenye nyumba ya mtu na jibu baya nikatoka bila mtu kunikasirikia. Kwenye ule mstari wa mwisho wa fomu niliandika: atarekebisha.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na kikao, watu saba mezani. Tai alikuwa anapitia fomu moja moja. Alipofika kwangu, kabla hajasema neno, aliuliza yule mpimaji mwenzangu wa zamani tunayemwita Sindano kwa wembamba wake. Yeye ndiye aliyesimamia chupa ile, vidoa vile alivihesabu kwa macho yake pia kwa kutoiamini mashine. Aliniuliza kutoka ng'ambo ya meza, kwa sauti ya kawaida tu, "Wale watoto wameacha kuyanywa?"

"Wameacha," nikasema.

Neno moja. Lilinitoka jepesi kuliko maneno yote niliyowahi kusema kwenye kazi hii. Tai akatia alama ya vema, akaenda kwenye fomu inayofuata. Mimi nikabaki natazama ile alama. Sikusikia tena kikao kile kilisema nini. Niliona tu mikeka ile, safu mbili, na nikaanza kupiga hesabu ambayo nilipaswa kuwa nimeipiga tangu jana: watoto thelathini na wanane, vikombe vitatu kwa siku.

Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi kwa woga wangu nilikuwa nataka kupeleka kilio nyumba za watu wengine.

Nikaomba ruhusa nikatoka. Nilianza kwa kutembea, nikafika kwenye kona ya duka la matairi nikawa nakimbia, na tai yangu, maana na mimi sasa navaa, imenirukia begani. Nilikuwa na miaka mingi sijakimbia. Watu walinipisha wakidhani nimeibiwa.

Nilifika saa nne kamili, saa ya mapumziko yao. Watoto wameketi kwenye benchi fupi, mpishi anapita na jagi la bluu akiwajazia vikombe. Sikusalimu. Mtoto wa kwanza kwenye benchi alikuwa amekwisha kuinua kikombe mdomoni, nikamnyang'anya. Maji yakammwagikia kifuani. Akaniangalia kwanza, kisha akaanza kulia, na wenzake wakamsaidia wote.

"Wasinywe," nikamwambia mpishi. "Maji yana kinyesi."

Mama Mkunga akatoka ndani. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi na kikombe nilichokishika.

"Unamfanya nini mtoto?"

"Maji haya yana vijidudu vya kinyesi," nikasema. "Hayafai kunywa wala kuoshea vyombo. Kuanzia sasa hivi, si mwisho wa mwezi."

"Jana ulikaa kwenye kiti kile," akasema polepole. "Ukaniambia ni mambo madogo madogo."

"Ndiyo."

"Yamekua usiku?"

"Hapana. Jana yalikuwa hivi hivi. Niliogopa kukuambia."

"Uliogopa nini?"

"Uso wako," nikasema.

Watoto walikuwa bado wanalia na hakuna aliyewabembeleza. "Nimekuwa mkunga miaka thelathini na moja," akasema. "Kuna akina mama niliowashika mkono nikawaambia mtoto hakupona. Hakuna hata mmoja niliyemwambia ni mambo madogo." Kisha akamgeukia mpishi, akamwambia amwage kila tone lililomo ndani ya nyumba na kukifunga kisima kwa kufuli. Mimi akaniambia, "Wewe hutoki hapa. Wazazi wanakuja saa kumi. Utawaambia wewe, mmoja mmoja. Kama ulivyosema leo, si kama jana."

Nilingoja kwa muda wa saa sita, Dada. Nilisaidia kubeba ndoo kutoka bomba la jirani, nikachemsha vikombe vyote, na bado muda haukusogea. Yeye alikaa na daftari lake la mahudhurio. Watoto wawili hawakuwa wamefika siku hiyo. Mmoja alikuwa na mafua, mama yake alikuwa amepiga simu. Wa pili alikuwa mtoto wa mshona nguo, msichana wa miaka miwili. Huyo mama hakupiga. Mama Mkunga alimpigia mara nne mbele yangu, simu ikalia bila kupokewa. Kila ilipolia nilihisi inalia ndani ya mbavu zangu.

Saa kumi nikasimama getini. Nilikuwa na sentensi mbili tu: maji ya kisima yana vijidudu vya kinyesi, mtoto akiharisha au akitapika, mpeleke hospitali leo, usingoje kesho. Mara thelathini na sita. Mama mmoja alinikaripia mpaka sauti ikamkauka. Mwingine alinishukuru akanipa mkono, na mkono ule uliniuma kuliko makaripio. Baba mmoja mwenye ovaroli ya gereji alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Mmejua tangu lini?"

"Jumatatu jioni."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumatano."

Alimpandisha mwanawe mabegani, akaishika miguu yake midogo kifuani, akaondoka. Nilimfuata kwa macho mpaka akakata kona.

Nilidhani nikisema jambo moja mara nyingi woga utachakaa kama soli ya kiatu. Haukuchakaa. Mtu wa thelathini na sita nilimwogopa sawasawa na wa kwanza.

Nilirudi ofisini jua linakaribia kuzama. Tai alikuwa bado yupo. Nikasimama mbele ya meza yake nikamwambia asubuhi nilisema wameacha na walikuwa hawajaacha. Alilegeza tai yake, jambo ambalo sijawahi kuliona, akanisikiliza yote. Nilingoja anifukuze. Moyoni nilikuwa nimekwisha kupanga nitakavyomwambia wifi yako. Yeye akauliza, "Na yule mtoto wa pili?"

"Hatujui."

"Basi kesho usije hapa. Mtafute."

Kumtafuta hakukuwa kazi. Majirani wa mshona nguo waliniambia amelazwa tangu Jumanne usiku, wodi ya watoto, hospitali kubwa. Mlangoni pa wodi ile nilisimama muda mrefu, wauguzi wakipita wakinikwepa. Nilifikiri kumtuma mtu. Nilifikiri kuacha matunda kwa mlinzi na karatasi. Nilijua kabisa kwamba mtoto akiwa amezidiwa sitaweza kutazama, na nilijua nikiondoka bila kutazama sitalala tena.

Alikuwa kitanda cha dirishani. Mdogo, Dada, mdogo sana kuliko nilivyomwazia. Midomo imekauka, macho yamezama, dripu wameiweka mguuni kwa sababu mishipa ya mikono haikuonekana. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, mkono wake umeuzunguka ule mguu.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Mimi natoka maabara iliyopima maji ya kisima cha Mama Mkunga," nikasema. "Yalikuwa na kinyesi. Majibu tuliyapata Jumatatu. Jumanne nilimpelekea, lakini sikumwambia vizuri, niliogopa. Wakaendelea kuyanywa mpaka jana."

Alinitazama. Nilingoja atupe alichonacho karibu, na kulikuwa na chupa. "Huyu alianza kuharisha Jumanne saa kumi," akasema hatimaye. "Nilipokwenda kumchukua."

Nikapiga hesabu hapo hapo, siwezi kujizuia, ndiyo akili yangu. Vijidudu vile huchukua saa kadhaa, au siku moja, mbili, tatu kabla ya kuonyesha. Huenda alivinywa kabla hata jibu halijatoka. Huenda kikombe cha Jumanne asubuhi, ambacho simu moja ya Jumatatu jioni ingekizuia, ndicho kilichomwangusha. Daktari baadaye alisema hawezi kuapa kuwa ni maji yale. Mimi pia siwezi kuapa. Nadhani nitabaki na hesabu hiyo bila jibu maisha yangu yote.

Yule mama akainuka, akajinyoosha mgongo. "Tangu juzi sijala," akasema. "Nesi anasema asiurushe mguu, sindano itatoka. Njoo ushike hapa."

Nikashika. Mguu wote uliingia kwenye kiganja changu, wa moto, mwepesi kama chupa tupu. Yeye akatoka. Nilikaa saa nzima na zaidi nikihesabu matone ya dripu kwa sababu kuhesabu ndiko ninakokujua, na kila mtoto alipofumba macho nilidhani ndio mwisho nikamwinamia kusikiliza pumzi. Nimeogopa mengi mwaka huu, lakini woga wa saa ile ulikuwa na uzito mwingine. Mbele ya Mama Mkunga niliogopa uso wa mtu mzima. Sikuwa nimeogopa kikombe.

Mama yake aliporudi aliuchukua mguu kutoka mkononi mwangu. Ijumaa mtoto aliomba maji mwenyewe, Jumapili wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilikuwa naenda kila jioni kuuliza mlangoni. Watoto wengine sita waliharisha wiki ile, wote walipelekwa mapema, wote walipona bila kulazwa. Andika hilo moyoni mwako, Dada, maana mimi kila siku nalisoma upya.

Ofisini nilipewa barua ya onyo, na majaribio yakarefushwa kwa miezi mitatu. Sindano alikuja mezani kwangu, akakaa, akaniambia angekuwa yeye labda angesema "wameacha" vile vile. Sijui kama alikuwa ananifariji au ananiambia ukweli. Meneja naye aliniita. Aliniambia kuna nafasi imepatikana ya kupokea chupa pale kwenye dirisha dogo, kwa ndani, bila kuonana na wateja, na kama naitaka nimjibu kabla ya Ijumaa.

Niliitaka. Sitakudanganya, niliitaka kama mtu mwenye kiu. Siku tatu nilijiona nimekaa nyuma ya dirisha lile, salama, koti jeupe mwilini. Wifi yako alinisikiliza akaniambia nichague lolote ila nisije nikalitaja jina lake kama sababu. Ijumaa nikapanda kwa meneja kumwambia ndiyo. Nilipofungua mdomo nilimwona yule msichana akirudi kuwa namba kwenye chupa. Nikasema nitabaki juu. Meneja alishangaa, na mimi nilishangaa zaidi yake. Kisha nikaenda chooni nikatapika.

Ya mwisho ni ya Alhamisi hii iliyopita. Mama Mkunga alikuwa amekiziba kile choo, akachimba kingine ng'ambo, kisima kikasafishwa na kutiwa dawa. Chupa mpya ikaja. Aliomba majibu aletewe na mtu mwingine, si mimi, na ana haki. Tai akamjibu kwamba mtu mwingine hayupo. Mashine ilisoma sifuri. Nikamwomba Sindano tuoteshe tena kwa mkono, visahani vitatu, sifuri, sifuri, sifuri. Bado niliogopa kwenda. Jibu zuri nalo linaweza kusemwa vibaya.

Hakunipa kiti. Tulisimama pale pale kisimani. Nikamwambia, "Vijidudu vya kinyesi havipo. Leo maji haya yanafaa kunywa. Mvua kubwa ikinyesha, usimpe mtoto mpaka tupime tena." Nikamwomba anirudishie kwa maneno yake nilichosema, kwa ajili ya ule mstari wa mwisho wa fomu. Nilijua anaweza kuniona namdharau.

Alinirudishia, neno kwa neno, mpaka na mvua. Nikaandika.

"Nimekusikia," akasema. Akaokota ndoo yake. "Njia unaijua."

Kesho nina mteja mwingine, mwenye kiwanda cha chupa za maji, na jibu lake si zuri hata kidogo. Wanasema ni mtu wa kufoka. Tangu jana tumbo langu limeanza. Nakuomba, ukinijibu, usiniandikie kwamba nisiogope. Niandikie habari za goti lako.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako, na yule binamu yetu fundi viatu mkikutana; mwambie bado nasubiri picha ya mtoto wake. Wifi yako anakusalimu na anasema usibebe vitu vizito. Wanao wanakubusu, mmoja kwa urefu wake, mwingine kwa pengo lake. Mungu akulinde ukiwa ndani na ukiwa nje, na akujalie afya mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika.